Fedha kwenye soksi, shaba kwenye kahawa: chembe nano za metali zinawafanya nini bakteria wa udongo?

Mwaka 2008, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Arizona State nchini Marekani, Troy Benn na Paul Westerhoff, walinunua soksi madukani na kuanza kuzifua. Zilikuwa zile soksi zinazotangazwa kwamba hazinuki hata ukishinda na viatu kutwa nzima. Siri yake ni chembe ndogo sana za madini ya fedha zilizotiwa kwenye nyuzi. (Nasema fedha ile ya pete na mkufu, si ile ya kwenye simu.) Harufu ya miguu hutengenezwa na bakteria, na fedha inaua bakteria.

Watafiti hao walipima maji ya kufulia. Kuna soksi iliyoachia hadi mikrogramu 650 za fedha katika nusu lita ya maji. Baadhi ya soksi zilimwaga karibu fedha yake yote baada ya kufuliwa mara chache tu, na nyingine zilishikilia karibu yote. Yaani hutegemea kiwanda kiliibandika vipi.

Sasa jiulize: hayo maji yanakwenda wapi? Kwenye bomba la majitaka, kisha kwenye mtambo au bwawa la kusafishia. Huko, sehemu kubwa ya metali huzama na kubaki kwenye tope. Na katika nchi nyingi, Marekani ikiwemo, tope hilo likishatibiwa hutandazwa mashambani kama mbolea. Kitu kilichotengenezwa kuua bakteria wa miguuni kinafika mahali ambapo bakteria ndio wenye kazi zote. Hapo ndipo swali la makala hii linapoanzia.

Kwanza, nano ni udogo wa kiasi gani?

Nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa binadamu una unene wa takribani nanomita 80,000. Bakteria maarufu *Escherichia coli* ana urefu wa takribani nanomita 2,000. Chembe nano, kwa maana inayotumika zaidi, ni ile yenye kipimo kati ya nanomita 1 na 100. Kwa hiyo ukilinganisha bakteria na daladala, chembe nano ya nanomita 20 ni kama embe dogo lililowekwa kwenye kiti.

Udogo huo unabadilisha tabia ya kitu, na sababu kubwa ni eneo la uso. Chukua kipande cha fedha chenye umbo la dadu, kila upande sentimita 1. Eneo lake la nje ni sentimita za mraba 6, yaani dogo kuliko kiganja cha mtoto. Ukikikata dadu hicho kuwa vidadu vya nanomita 10 kila upande, uzito unabaki uleule, lakini eneo la nje linakuwa mita za mraba 600. Ukiendelea hadi nanomita 1, unapata mita za mraba 6,000, unakaribia uwanja wa mpira.

Kemia ya metali hufanyika usoni pake, pale inapokutana na maji, oksijeni na seli. Ndiyo maana kijiko cha fedha kinaweza kukaa kabatini miaka 50 bila kumsumbua mtu, lakini fedha hiyohiyo ikisagwa kuwa nano inakuwa kiua vijidudu.

Bakteria wa udongo wana kazi gani hasa?

Tukisikia neno bakteria wengi wetu tunafikiria kipindupindu na sabuni. Lakini gramu moja ya udongo mzuri, kiasi cha kuokota kwa ncha za vidole viwili, inaweza kuwa na bakteria wanaofikia bilioni moja, wa maelfu ya aina. Wengi wao hawana habari na wewe. Wana kazi zao.

Kazi inayomgusa mkulima moja kwa moja ni ya naitrojeni. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mahindi hayawezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Bakteria wa kundi la rizobia huingia kwenye mizizi ya maharage, kunde, karanga na soya, wakajengewa vinundu vidogo, na humo wanaibadilisha naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Ndiyo maana bibi zetu walichanganya mahindi na maharage shamba moja kabla ya mtu yeyote kuwaeleza habari za bakteria. Ndiyo maana pia leo kuna pakiti za rizobia zinazouzwa kwa wakulima, kama Biofix ya Kenya, za kupaka mbegu kabla ya kupanda.

Kundi lingine, akina *Nitrosomonas* na *Nitrobacter*, wanageuza amonia kuwa naitriti, kisha naitreti ambayo mizizi huinyonya kwa urahisi. Wengine wanaozesha majani na samadi. Wengine wanafungua fosforasi iliyojifunga kwenye udongo. Wengine wanatengeneza antibiotiki: streptomaisini, dawa ya kwanza ya antibiotiki iliyofanya kazi dhidi ya kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongo, *Streptomyces griseus*.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba bidhaa yake "inaua asilimia kubwa ya bakteria", swali la msingi ni: bakteria gani, na wapi?

Zinafikaje udongoni?

Soksi ni mlango mmoja tu. Kuna milango mingine:

- Rangi, vipodozi na losheni za kukinga jua. Oksidi ya zinki na oksidi ya titani huzuia miale mikali ya jua. Kwa ndugu zetu wenye ualbino losheni hizi si urembo, ni kinga ya saratani. Lakini zikioshwa huishia majitaka.
- Nyongeza za dizeli. Oksidi ya seriamu imetumika kusaidia mafuta yaungue vizuri zaidi. Hutoka na moshi na kutua chini.
- Pembejeo za kilimo. Mbolea za zinki na viuakuvu vya shaba vya ukubwa wa nano. Huu ndio mlango unaopanuka, na tofauti yake na mingine ni kwamba hapa tunazipeleka shambani kwa makusudi.
- Kusafisha uchafuzi. Chembe nano za chuma zimekuwa zikidungwa ardhini katika baadhi ya nchi ili kuvunja kemikali za sumu kwenye maji ya chini ya ardhi.

Angalia orodha hiyo vizuri. Karibu kila kitu hapo kina faida ya kweli. Udongo wetu mwingi Afrika una upungufu wa zinki, na mtoto anayekula nafaka zisizo na zinki anaathirika. Kwa hiyo mjadala huu hauishii kwenye "nano mbaya, tupige marufuku". Tunachohitaji kujua ni kiasi gani, cha metali gani, katika udongo upi.

Bakteria anauawaje na kitu kidogo hivyo?

Kuna njia kuu tatu, na mara nyingi zinakuja pamoja.

*Njia ya kwanza: kuyeyuka.* Chembe ya fedha ikikutana na maji na oksijeni, inaachia ayoni za fedha, yaani atomi zilizopoteza elektroni moja. Ayoni hizi zinapenda sana salfa. Vimeng'enya vingi vya bakteria vina salfa sehemu nyeti. Ayoni ikijibandika pale, kimeng'enya kinakwama kama kufuli lililotiwa gundi. Zinki na shaba nazo huyeyuka, kila moja ikiwa na makufuli inayoyapenda.

*Njia ya pili: oksijeni korofi.* Baadhi ya chembe huzalisha molekuli za oksijeni zilizovurugika, ambazo hunyakua elektroni kwa jirani yeyote aliye karibu: mafuta ya utando wa seli, protini, DNA. Oksidi ya titani haiyeyuki kirahisi, lakini ikipigwa na jua hufanya kazi hii vizuri. Gizani, sentimita kumi chini ya ardhi, ukali wake hupungua sana.

*Njia ya tatu: kugusana.* Chembe hujibandika kwenye ukuta wa bakteria na kuharibu utando. Mwaka 2004 Ivan Sondi na Branka Salopek-Sondi walichapisha picha za hadubini ya elektroni zikionyesha *E. coli* waliokutana na chembe nano za fedha: utando ulikuwa na vishimo, na fedha imejikusanya ndani yake.

Sasa ipi kati ya hizi ndiyo muuaji mkuu? Hapa wanasayansi wamebishana kwa miaka, na ubishi wenyewe unafundisha.

Mwaka 2008, Okkyoung Choi, Zhiqiang Hu na wenzao wa Chuo Kikuu cha Missouri walijaribu fedha kwa bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti. Kwa kiwango cha miligramu 1 kwa lita, chembe nano zilipunguza upumuaji wa bakteria hao kwa asilimia 86. Kiasi kilekile cha fedha kikiwa ayoni tupu kilipunguza kwa asilimia 42. Ukisoma hapo utasema: chembe yenyewe ni hatari kuliko fedha iliyoyeyuka.

Kisha mwaka 2012 Zongming Xiu, Pedro Alvarez na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rice wakafanya jambo la akili sana. Waliondoa oksijeni kabisa. Bila oksijeni, chembe ya fedha haiachii ayoni. Wakawaweka *E. coli* na chembe nano humo, kwa dozi kubwa maelfu ya mara kuliko dozi ya ayoni inayoua. Bakteria hawakufa. Kwa maneno mengine, kwa fedha, chembe bila ayoni ni jiwe tu.

Je, matokeo haya yanapingana? Si lazima. Ayoni zikimwagwa peke yake hukamatwa haraka na chumvi na vitu vingine kabla ya kumfikia bakteria. Chembe nano inafanya kazi ya gari: inabeba fedha hadi mlangoni kwa bakteria, inajibandika, kisha inaachia ayoni polepole palepale. Risasi ni ayoni, lakini aliyeileta karibu ni chembe.

Lakini udongo si sahani ya petri

Ukifungua tasnifu nyingi za nano utakuta jaribio lilelile. Unapaka bakteria kwenye sahani, unaweka kikaratasi kilicholoweshwa chembe nano, unasubiri hadi kesho. Ukikuta duara safi kuzunguka kikaratasi, unashangilia. Ni jaribio zuri kwa swali moja: je, kitu hiki kinaweza kuua? Halikwambii kitatokea nini shambani.

Udongo unajihami. Mabaki ya majani na mboji huzivisha chembe koti la kikaboni na kuzishika. Mfinyanzi huzinasa. Chembe zenyewe hugandana na kuwa mabonge makubwa yasiyo na ukali wa nano. Na fedha ina bahati yake ya pekee: kwenye tope la majitaka, ambako hakuna oksijeni na salfa ni tele (ile harufu ya yai viza unaijua), fedha hugeuka kuwa salfidi ya fedha. Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani walizikuta chembe nano za salfidi ya fedha kwenye tope halisi la mtambo wa majitaka. Salfidi hii huyeyuka kwa shida sana, kwa hiyo sumu yake inashuka.

Kwa upande mwingine, udongo unaweza kuiongezea metali makali. Oksidi ya zinki na ya shaba huyeyuka zaidi kwenye udongo wenye tindikali, na maeneo mengi ya tropiki yenye mvua nyingi yana udongo wa namna hiyo. Kwa hiyo dozi ileile ya zinki inaweza kuwa mbolea kwenye shamba moja na kuwa sumu kwenye shamba la pili, kilomita chache tu kutoka hapo. Matokeo ya Ulaya hayahami yenyewe kuja Mbeya au Kericho.

Majaribio matatu yanayofaa kuyajua

*La kwanza, 2011.* Yuan Ge, Joshua Schimel na Patricia Holden wa California walichanganya oksidi ya titani na oksidi ya zinki kwenye udongo halisi. Zote mbili zilipunguza wingi wa vijidudu na kubadilisha mchanganyiko wa aina za bakteria waliokuwemo. Zinki ilikuwa kali zaidi. Funzo: jumuiya ya bakteria inaweza kubadilika bila udongo kuonekana tofauti kwa macho. Ukipita shambani huoni kitu.

*La pili, 2012.* John Priester, Patricia Holden na wenzao walipanda soya kwenye udongo wenye oksidi ya zinki au oksidi ya seriamu na kuiacha ikue hadi kuzaa. Zinki ilipanda hadi kwenye majani na mbegu. Seriamu haikupanda sana, ilibaki kwenye mizizi na vinundu, na hapo ndipo ilipofanya uharibifu: katika dozi za juu, uwezo wa vinundu kunasa naitrojeni ulianguka kwa zaidi ya asilimia 80. Vinundu vilikuwepo, lakini havikuwa vinafanya kazi yake.

Fikiria maana yake kwa mkulima mdogo. Soya na maharage ni mbolea ya bure kwa msimu unaofuata. Vinundu vikizimika, inabidi anunue mfuko wa mbolea. Ni kweli dozi za jaribio hilo, hadi gramu 1 kwa kilo ya udongo, ni kubwa mno kuliko kinachotarajiwa kwenye shamba la kawaida. Jaribio la namna hiyo linaonyesha mahali dhaifu palipo. Halisemi kwamba shamba lako limeshaharibika.

*La tatu, 2013*, na hili ndilo lililowanyamazisha waliokuwa wakisema "dozi zenu ni za maabara tu". Benjamin Colman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliweka masanduku makubwa ya udongo nje, wakapanda mimea, wakamwagia tope la majitaka lenye chembe nano za fedha. Dozi yao ilikuwa miligramu 0.14 za fedha kwa kilo ya udongo. Ukikokotoa kwa eka moja hadi kina cha sentimita 15, ni kama gramu 110 za fedha kwa eka nzima. Mkufu mmoja mzito.

Baada ya siku 50, wingi wa vijidudu ulikuwa umepungua kwa asilimia 35 ukilinganisha na masanduku yaliyopata tope bila fedha. Kimeng'enya kimoja cha kuvunjavunja protini kilishuka kwa asilimia 52. Aina moja ya nyasi ilipungua uzito kwa asilimia 32. Na gesi ya naitrasi oksaidi iliyotoka udongoni ilipimwa ikiwa mara 4.5 ya kawaida. Gesi hii ina nguvu ya kupasha joto dunia takribani mara 270 kuliko kaboni dioksidi, kilo kwa kilo, katika miaka 100. Maelezo mojawapo ni kwamba bakteria hubadilisha naitreti kuwa gesi kwa hatua, na hatua ya mwisho ikitatizwa, naitrasi oksaidi inatoroka kabla ya kugeuzwa kuwa naitrojeni ya kawaida isiyo na madhara.

Kinachoshangaza zaidi ni masanduku ya ulinganisho yaliyopewa chumvi ya fedha, naitreti ya fedha, kwa kiwango mara nne ya chembe nano. Athari za nano zililingana nazo au kuzizidi. Lile gari tulilolisema linaonekana hapa tena.

Wanaobaki hai: suala la usugu

Sumu isiyoua wote huchagua. Wanaokufa ni wale dhaifu, wanaobaki ni wale wenye mbinu, na ndio wanaozaana.

Fedha ina historia katika hili. Mwaka 1975 iliripotiwa habari ya hospitali moja ya Boston ambako vidonda vya kuungua vilikuwa vikitibiwa kwa naitreti ya fedha. Akazuka *Salmonella* sugu kwa fedha. Wagonjwa watatu walifariki na wodi ikafungwa. Baadaye ilionekana kwamba usugu huo ulibebwa kwenye plazimidi, kipande cha DNA ambacho bakteria hupeana kama watu wanavyotumiana faili, na plazimidi hiyohiyo ilibeba pia usugu kwa antibiotiki kadhaa. Ukiwachuja bakteria kwa fedha, unaweza kujikuta umewachuja wale wasiosikia dawa za hospitali.

Chembe nano nazo zimepatiwa dawa. Mwaka 2018 Aleš Panáček na wenzake wa Jamhuri ya Czech walionyesha kwamba *E. coli* na *Pseudomonas aeruginosa* wakikutana na chembe nano za fedha mara kwa mara, huanza kumwaga protini iitwayo flajelini, ileile inayojenga mikia yao ya kuogelea. Protini hiyo inazigandisha chembe kuwa mabonge, na zikishagandana makali yanaisha. Hakukuwa na badiliko lolote kwenye DNA. Bakteria walitumia kifaa walichokuwa nacho tangu zamani kwa kazi mpya.

Shaba tunayoijua tayari

Unaweza kudhani haya ni mambo ya nchi zenye soksi za bei mbaya. Hapana. Muulize mzee yeyote anayelima kahawa Kilimanjaro au kati ya Kenya kuhusu mrututu, ile salfeti ya shaba ya rangi ya buluu. Mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulitangazwa mwaka 1885 na Pierre-Marie-Alexis Millardet kule Bordeaux, Ufaransa, kuokoa zabibu. Ugonjwa wa chulebuni uliporipotiwa Kenya mwaka 1922, na kutu ya majani nayo ikisumbua, viuakuvu vya shaba vikawa rafiki wa mkulima wa kahawa kwa miongo mingi. Viliokoa mazao, viliokoa ada za shule.

Shida ni kwamba shaba haiozi. Kiuatilifu cha kikaboni huvunjwavunjwa taratibu na bakteria, lakini shaba ni elementi, haina pa kwenda. Kila mnyunyizo unadondoka na mvua hadi kwenye udongo wa juu, na udongo wa juu ndipo bakteria wengi wanapoishi. Ulaya walishapata somo kwenye mizabibu: tangu 2019, Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, wastani wa kilo 4 kwa mwaka.

Sasa viuakuvu vya shaba vya ukubwa wa nano vimeanza kuuzwa, na hoja ya wauzaji ina mantiki: eneo la uso ni kubwa, kwa hiyo unahitaji shaba kidogo kupata kinga ileile. Ikiwa kweli mkulima atanyunyizia robo ya shaba aliyokuwa akinyunyizia, udongo unanufaika. Lakini ikiwa atanyunyizia kiasi kilekile kwa sababu lebo haikueleweka, tutakuwa tumemwaga shaba yenye makali zaidi juu ya ile ya miaka 60 iliyokwishalala pale. Majibu mawili tofauti kabisa, na kinachoyatenganisha ni kijiko cha kupimia na afisa ugani.

"Ya kijani" haimaanishi "salama"

Hili nawaambia hasa wanafunzi wenzangu. Vyuoni kwetu tunapenda sana kutengeneza chembe nano za fedha kwa maji ya majani ya mwarobaini, mlonge au aloe vera. Ni njia nzuri: ni rahisi, haihitaji kemikali kali, na malighafi iko nje ya dirisha la maabara. Tunaiita njia ya kijani.

Ukijani huo unahusu jinsi chembe ilivyotengenezwa. Hausemi lolote kuhusu itakachofanya ikitoka nje. Fedha iliyotengenezwa kwa mwarobaini bado ni fedha, na ile duara safi kwenye sahani ni ushahidi kwamba inaua. Ukiandika mwishoni mwa tasnifu kwamba chembe zako "zinafaa kutumika kama kiuatilifu rafiki kwa mazingira", umeruka hatua nzima. Hatua hiyo si ya gharama ya kutisha. Chukua udongo wa shamba halisi, pima tindikali yake na mboji yake, uchanganye na dozi zinazofanana na za shambani, kisha fuatilia kwa wiki kadhaa: kaboni dioksidi inayotoka, amonia inavyogeuka naitreti, vinundu kwenye mche wa maharage. Ukiwa na uwezo wa kusoma DNA ya udongo, vizuri. Usipokuwa nao, mche wa maharage kwenye kopo bado utakwambia mengi. Mche ukianza kutoa maua, kata kinundu kwa wembe: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, rizobia wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi.

Na weka kopo la ulinganisho lenye chumvi ya metali ileile iliyoyeyuka. Bila hilo huwezi kusema kama tatizo ni nano au ni metali tu.

Kwa asiye wa maabara

Kama unalima, mambo matatu yatakusaidia bila kusubiri utafiti mwingine. Rudisha samadi na mboji shambani, kwa sababu mabaki ya viumbe hushika metali na kuwalisha bakteria kwa wakati mmoja. Pima tindikali ya udongo, na ukikuta iko juu weka chokaa ya kilimo kwa ushauri wa afisa ugani, maana udongo usio na tindikali kali huyeyusha zinki na shaba kidogo zaidi. Na ukinunua pembejeo iliyoandikwa nano, soma dozi yake upya; usiipime kwa mazoea ya ile ya zamani.

Kama hulimi, angalia lebo ya nguo au chombo kinachojisifu kuua bakteria na ujiulize kama kweli unahitaji. Bandeji ya fedha kwa mtu aliyeungua moto ina kazi ya maana. Soksi zinaweza kufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani.

Na kwa wale wanaoandika sheria na viwango: metali ina tabia moja ambayo haibadiliki, haiozi. Dawa nyingine ikigundulika ina madhara, unaacha kuitumia na baada ya muda udongo unajisafisha. Kwa fedha, zinki na shaba, ukishachelewa umechelewa kwa vizazi. Ndiyo maana maswali haya ni bora yaulizwe sasa, wakati pakiti za pembejeo za nano ndiyo kwanza zinaanza kufika madukani.